Baba Asiye Walii

Chai ya shangazi wa bwana harusi ilikuwa imeshaota utando juu. Mwenyewe alikaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, kama abiria anayesubiri jina lake liitwe, na kila alipokaribishwa alijibu, "Nashukuru, nimeshiba." Kaka yake, Maalim, mwalimu wa chuo cha Kurani, alikuwa amemaliza kikombe kimoja na kuongezewa cha pili. Macho ya shangazi hayakuwa kwenye chai wala biskuti. Yalikuwa kwenye kabati dogo la pembeni lililofunikwa kwa pazia la maua. Pazia lilikuwa fupi. Chini yake ulichomoza mguu wa sanamu ya shaba, na kando ya mguu kijisahani chenye majivu ya udi.

"Ni hapo mnapofanyia mambo yenu?" aliuliza.

"Ndipo tunapoomba, mimi na mzee," alijibu mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Chiriku.

"Na mtoto?"

"Aa, mtoto anasali chumbani kwake. Hapa yeye huwa anafuta vumbi tu."

Alijuta kabla hajafunga mdomo. Shangazi alimtazama kaka yake, kaka akatazama biskuti.

Ilikuwa Jumapili alasiri, na siku ya ndoa ilikuwa Ijumaa. Mtoto wa Maalim, mpima ardhi, alikuwa anamwoa binti wa nyumba hii, muuguzi wa wodi ya wazazi, ambaye tangu utotoni aliitwa Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyopumzika. Binti alikuwa Mwislamu. Waliomlea walikuwa Wahindu. Hakuna aliyemficha mwenzake jambo hilo. Lilijulikana tangu siku ya posa. Lakini kulijua jambo na kuja kukaa nalo sebule moja ni vitu viwili tofauti.

Mlangoni kulisikika mtu akikohoa. Akakohoa tena, kisha kimya. Mlango ulikuwa wazi, wageni walikiona kivuli chake kikiwa kimesimama nje, na bado hakuingia. Maalim aliweka kikombe chini. Baada ya muda mwenye kivuli akavua viatu, akaingia: mzee mwembamba mwenye miwani, mfuko wa shati umejaa vibisibisi vidogo. Ndiye Fundi Saa, mume wa Mama Chiriku.

"Karibuni, karibuni. Samahani kwa kuchelewa, kuna mteja alileta saa imeingia maji akataka nimpe jibu hapo hapo."

Waliulizana hali, wakaulizana kazi, wakasifu hali ya hewa. Halafu Maalim akajiweka sawa kwenye kiti, akasema kilichomleta.

"Fundi, sheikh ameniuliza nani atakuwa walii wa binti."

"Walii ndiyo nini?" aliuliza Mama Chiriku.

"Mwanamume anayesimama kumwozesha mwanamke. Baba yake, kwa kawaida."

"Si huyu hapa?" Alimwonyesha mumewe kwa mkono wote, kama anayemwonyesha mteja kitambaa kizuri.

Fundi Saa ndiye aliyejibu, kwa upole, bila kumtazama mkewe. "Mimi siwezi, mama. Lazima awe Mwislamu."

"Umelijua lini hilo?"

"Tangu ana miaka tisa."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie ili ukae miaka yote hiyo ukiisubiri leo?"

Maalim akaeleza taratibu: mwanamke asiye na ndugu wa damu Mwislamu, sheikh ndiye humsimamia. Sheikh akitaka anaweza kumwachia nafasi hiyo mtu mwingine anayemwamini, ilimradi naye awe Mwislamu. Hapo ndipo shangazi alipofungua mdomo.

"Mbona jambo lenyewe jepesi? Mzee atamke shahada, asilimu. Dakika moja tu, mashahidi wawili, basi. Sheikh anampa nafasi, Ijumaa anamwozesha mwanawe mwenyewe, watu wanafunga midomo. Maana watu wanasema, msidhani hawasemi. Wanasema mtoto wa Maalim anaoa nyumba ya masanamu. Baadaye atakayoyafanya humu ndani na kabati lake, hayo ni yeye na Mola wake."

Mama Chiriku alishika ncha ya nguo yake akaanza kuikunja. Fundi Saa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa mtu wa kuchelewa kujibu, hata akiulizwa saa ngapi.

"Nipeni mpaka Jumatano," alisema.

Wageni walipoondoka, Mama Chiriku alikibeba kikombe kilichojaa hadi jikoni, akakimwaga, akakiosha. Halafu akakiosha tena, bila sababu.

*

Chiriku alikuwa na miaka minne walipomchukua. Baba yake alikuwa fundi wa redio, akikodi nusu ya meza ya Fundi Saa. Fundi huyo na mkewe waliugua homa wiki moja, wakafa wiki moja. Ndugu walitafutwa, hawakupatikana. Kabla ya kukata roho yule fundi wa redio alisema maneno manne tu: "Mlee kwa dini yangu." Fundi Saa aliitikia, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi za uangalifu, alilichukua neno hilo kama alivyochukua saa ya mtu: lirudi kwa mwenyewe likiwa zima.

Fundi Saa aliporudi chumbani jioni ya Jumapili ile alimkuta mkewe amekaa kitandani.

"Sema," mkewe alimwambia.

"Niseme nini?"

"Hayo maneno yao. Yaseme, mtoto aolewe kwa heshima."

"Wewe unaniambia hivyo? Wewe?"

"Mimi ndiye mwenye haki ya kukuambia. Ahadi uliitoa wewe, niliyeilipa ni mimi. Mtoto nimempata ukubwani, sina mwingine, na siku hata moja sijampaka rangi kwenye paji la uso. Nyimbo zangu za kuomba niliziimba kwa ndani asizishike. Nyama kwangu hata harufu siiwezi, lakini nilimnunulia sufuria yake, nikaifunga waya mwekundu mpinini isichanganyike na zangu, apike huko nyuma barazani ale anachoruhusiwa. Yote hayo nimeyafanya. Sasa wewe maneno ya dakika moja yanakushinda?"

"Ni kwa sababu ya hayo hayo uliyoyafanya," alisema Fundi Saa.

"Usinifumbie mafumbo."

Hakuwa anafumba. Hakujua tu namna ya kulisema. Alikaa karibu naye, na kwa muda mrefu wakasikiliza majirani wakiburuta viti.

"Unajua aliniuliza nini wiki iliyopita?" mkewe alisema mwishowe, sauti imelegea. "Nilikuwa namkatia kucha. Akaniuliza, 'Mama, hivi mimi nikifa nitafufuliwa, nitasimama huko nasubiri. Wewe utakuwa wapi? Si utakuwa umesharudi duniani, umezaliwa mtu mwingine?' Nikamwambia ndiyo, sisi tunarudi. Akasema, 'Basi tutapishana.' Machozi yakamtoka, mtu mzima yule, muuguzi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nitaomba nirudi karibu na kwake. Akaniuliza, 'Ukirudi mbuzi je?' Nikamwambia basi usinichinje."

Fundi Saa alicheka mpaka miwani ikateleza puani. Mkewe naye akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akaenda kuwasha jiko.

*

Chiriku alirudi zamu jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, viatu vyeupe mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue aliingia bila kusema neno. Mchumba wake alikuwa amempigia simu. Habari zote za kochi, kabati na chai alikuwa nazo. Alienda chumbani kwake kusali. Sakafuni humo kulikuwa na mstari wa penseli ulioonyesha kibla, ambao Fundi Saa aliupima kwa dira binti alipokuwa na miaka saba, na kila mwaka baada ya kupiga deki sana aliuchora upya.

Alipotoka aliwakuta mezani, akakaa, akajifunga ushungi vizuri.

"Baba, nikuambie kitu, na usikasirike?"

"Sema."

"Kila nikisali nakuombea uwe Mwislamu. Wewe na Mama. Tangu nina miaka saba."

"Najua."

"Unajua?"

"Ukuta wa chumba chako ni mbao, na wewe huwezi kunong'ona hata mbele ya Mungu."

Mama Chiriku alifunika mdomo kwa mkono. Chiriku aliinamisha kichwa, masikio yamemwiva kwa haya.

"Hukukasirika?"

"Kwa nini nikasirike? Ukiona njia unaamini inafika, utamwita nani kama si watu wako? Na mimi kila asubuhi naweka ua pale kabatini kwa jina lako. Tumekuwa tunashitakiana kwa Mungu miaka yote hii, kila mmoja kwa mlango wake."

Chiriku alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla. "Lakini nilichoomba si hiki, Baba. Niliomba uje kwa miguu yako. Sikuomba uburuzwe na shangazi wa mtu ili watu wasiseme."

"Nikikataa, na harusi ikaingia doa?"

Mtu mwingine angesema maneno ya kishujaa; Chiriku alichezea chumvi iliyomwagika mezani, akaikusanya kwa kidole, akaitawanya tena.

"Hilo usiniulize," alisema. "Nampenda yule kijana. Sijui nitafanya nini. Lakini usiseme uongo kwa ajili yangu, maana nitajua, na kila nikikuona nitajua."

Mama Chiriku alisukuma sahani mbele ya binti yake. "Kula," alisema, na sauti ile ilikuwa imeshaacha kumlaumu mumewe.

*

Jumatano asubuhi Fundi Saa hakufungua duka. Alivaa shati lake la kwendea hekaluni, akaenda chuoni kwa Maalim. Wanafunzi walikuwa hawajafika. Maalim alikuwa peke yake sakafuni, gundi na uzi pembeni, anashona juzuu zilizochanika.

"Ingia, Fundi."

"Hapa nje panatosha."

"Vua viatu, ingia. Nani kakuambia kuna mlinzi?"

Aliingia akakaa kwenye mkeka. Maalim aliendelea kupitisha sindano kwenye karatasi, na Fundi Saa, ambaye hakuweza kuona kazi ya mikono akaiacha, akamshikia kurasa zisiteleze. Wakashona juzuu nzima kabla ya kuongea.

"Kabla hujanipa jibu," alisema Maalim, "kuna kitu kimenikaa tangu Jumapili. Ulipofika kwako ulikohoa. Mlango uko wazi, nyumba yako, na ukangoja nje kama unayeomba ruhusa. Unaumwa kifua?"

"Hapana, siumwi."

"Basi nini?"

"Alipofika miaka kumi na mbili, walimu wake walimwambia mimi si baba yake wa damu, kwa hiyo ajifunike mbele yangu. Alikuja nyumbani analia, hajui aniambie vipi. Nilimwambia hilo dogo. Tangu hapo nikifika nakohoa, nahesabu mpaka kumi, yeye anapata nafasi ya kuchukua ushungi. Jumapili hakuwepo, alikuwa zamu. Lakini miaka kumi na minne, Maalim, kifua kimeshazoea. Nakohoa hata nikienda kwa watu."

Maalim alishusha sindano. Alikuwa ameozesha watu, amezika watu, amefundisha watoto wa watoto wa wanafunzi wake wa kwanza. Jambo kama hili hakuwahi kulisikia.

"Na jina?" aliuliza. "Nimeona vyeti vyake. Vyote vina jina la marehemu baba yake."

"Si ndivyo mnavyotaka? Mtoto aitwe kwa baba aliyemzaa. Walinicheka kule shuleni, wakasema unamlea unamsomesha halafu hata jina hulipati. Nikawaambia jina nimeshapata. Naitwa Baba Chiriku."

"Unaijua dini yetu, Fundi."

"Naijua kwa kusikia. Nilimsubiri nje ya chuo chao miaka saba, kwenye benchi. Dirisha lilikuwa wazi."

"Basi unajua tunakuitaje kumfanyia Mungu sura."

"Shirki. Na kwamba hakuna dhambi kubwa kuipita."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja namba ya nyumba yake. Maalim ndiye aliyejisikia vibaya.

"Haya, nieleze basi na mimi," alisema. "Maana mimi sikupata benchi la kwenu."

Fundi Saa alifikiri. "Tofauti ya kwanza ni mwanzo," alisema. "Yenu ina siku. Ina mji, ina pango, ina mtu wa miaka arobaini anaambiwa Soma. Mnaweza kunyoosha kidole mkasema, ilianzia hapa, kwa huyu. Mimi nikinyoosha kidole naonyesha ukungu. Kwetu hakuna mtu mmoja aliyeileta. Zamani sana kulikuwa na waonaji, walisikia maneno tunayoyaita Veda, wakayakariri baba kwa mwana, muda mrefu kabla mtu hajayaandika. Hata hili jina Wahindu hatukujiita wenyewe. Ni jina la mto. Watu wa ng'ambo waliwaita hivyo wote waliokaa upande wa pili, na jina likabaki."

"Na Mungu? Mna wangapi?"

"Inategemea unamuuliza nani. Kwetu wapo watakaokuambia wengi, na wapo watakaokuambia hata neno 'Mungu' ni dogo kwake. Mimi naamini ni Mmoja. Ila moyo wangu haukai mahali pasipo na sura."

"Sisi tunasema hizo sura ndizo pazia linalomficha."

"Najua. Kwetu ni dirisha la kumchungulia."

Maalim alitikisa kichwa, si kwa kukubali. "Hapo hatutakutana, Fundi."

"Hatutakutana."

"Na kufa? Maana kwetu ni mara moja. Unaishi, unakufa, unafufuliwa, unaulizwa uliyoyafanya. Mtihani mmoja, hakuna kurudia darasa."

"Sisi tunarudia darasa," alisema Fundi Saa. "Mara nyingi sana. Roho inabeba matendo yake inarudi nayo, mpaka siku itakayofaulu."

Maalim alicheka, akajizuia, akacheka tena. "Nina wanafunzi wangependa sana utaratibu wenu."

Nje watoto wa kwanza walianza kufika, ndala zao zikipigapiga uani. Maalim aliwapungia mkono wasubiri.

"Wapo watu hupenda kusema haya yote ni yale yale," alisema. "Wakisema hivyo huwa nachoka."

"Si yale yale. Ingekuwa yale yale nisingekaa juani miaka saba. Ningemfundisha ya kwangu nyumbani, kivulini." Fundi Saa aliweka kurasa chini, akazilinganisha kingo. "Shahada naijua, Maalim. Naweza kuitamka vizuri kuliko nusu ya hao walioko uani. Ndiyo sababu siwezi kuitamka Ijumaa. Maana yake ni ushahidi, na shahidi anasema alichokiona. Nyinyi mmekiona. Mwanangu amekiona. Mimi sijakiona hivyo. Nikisimama mbele ya watu niseme nashuhudia, nitakuwa nimetoa ushahidi wa uongo kwa Mungu wenu na wangu, na saa hiyo hiyo namkabidhi mtoto. Nilipewa nimlee kwa dini ya baba yake. Nimwozeshe kwa uongo?"

Alikuwa amejiandaa kwa lolote. Alikuwa ameshapanga hata namna ya kumwambia Chiriku kwamba mambo yameharibika. Maalim alichovya kidole kwenye gundi, akapaka mgongo wa juzuu, akaukandamiza.

"Ungeitamka ningeipokea," alisema. "Sina ruhusa ya kupasua kifua cha mtu nione kilichomo. Lakini nisingekuwa na raha nayo, na nisingekuheshimu kama ninavyokuheshimu sasa. Kusema kweli ningependa uje. Kweli ningependa. Nitakuombea."

"Panga foleni. Yupo mwingine aliyekutangulia, anaomba kwa sauti."

Wakacheka pamoja, mpaka watoto wakachungulia.

"Sheikh atamwozesha mwenyewe," alisema Maalim, akiinuka kwa kushika goti. "Ndivyo sheria inavyotaka na haina aibu yoyote. Kwenye ukumbi wa ndoa utakaa na mimi, mstari wa mbele. Atakayeuliza, aniulize mimi."

"Na dada yako?"

Maalim alishusha pumzi. "Dada yangu nitazungumza naye. Hilo ndilo gumu. Haya mengine yalikuwa mepesi."

*

Ijumaa asubuhi Mama Chiriku alitaka kulihamisha kabati. Alishaongea na jirani, alishatafuta shuka la kulifunikia njiani. Sheikh na mashahidi wangefika hapo baada ya sala ya alasiri kumuuliza binti ridhaa yake, kabla ya ndoa kufungwa ukumbini, na hakutaka mtu akae tena na kutazama mguu wa shaba.

"Mama, liache," alisema Chiriku, mikono yake juu kwa sababu ya hina iliyokuwa haijakauka. "Hii ni nyumba yenu. Anayehama ni mimi."

Alikusudia kumtuliza. Badala yake Mama Chiriku alikaa chini na shuka lake akalia kama mtoto, na Chiriku, hina au si hina, akakaa naye. Ndivyo shangazi alivyowakuta. Alikuja mapema, amejipamba, na hakuna aliyejua Maalim alimwambia nini. Alisimama mlangoni akiwatazama wanawake wawili wamekumbatiana sakafuni, mmoja na alama za hina mgongoni kwa mwenzake.

"Mtaharibu nguo," alisema. Kisha akaweka mkoba chini, akakunja mikono ya gauni lake. "Mama Chiriku, una pini? Huyu hawezi kutoka na ushungi wa namna hii, watasema sisi ndio tuliomvalisha." Akaingia chumbani na bibi harusi, akakaa naye saa nzima, na sauti zao zote mbili zilisikika zikishindana, maana kumbe shangazi naye alikuwa chiriku wa aina yake.

Alasiri sheikh alifika na mashahidi wawili na daftari lake. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti ndogo. Alipewa kiti, akaona kabati, akageuza kiti kidogo kiangalie upande wa pili, akakaa. Chiriku alitolewa, akakaa mbele yake na shangazi ubavuni. Fundi Saa alisimama kwenye kizingiti cha jikoni, mahali ambapo angeweza kusikia bila kuonekana amejiweka mbele. Alivaa suti. Ilikuwa na miaka mingi, na ilikuwa imepigwa pasi mpaka inang'aa viwikoni.

"Mwanangu," alisema sheikh, "kwa kuwa huna ndugu Mwislamu wa kukusimamia, nitakusimamia mimi. Mtoto wa Maalim ameomba kukuoa kwa mahari mliyokubaliana. Je, umeridhia nikuozeshe?"

Mabinti wengi huinamisha kichwa, kimya chao kikahesabika kuwa jibu. Chiriku aliinua kichwa.

"Sheikh, kabla sijajibu, naomba nimuulize mtu."

Shangazi alimgusa goti. Sheikh aliinua kalamu kutoka kwenye daftari.

Chiriku aligeuka kwenye kiti mpaka akamwona mzee wa kizingitini. "Baba," alisema, "umeridhia?"

Mmoja wa mashahidi, kijana mwenye haraka, aliinama akamnong'oneza sheikh kwamba huyu si walii, jibu lake halina nafasi katika ndoa.

"Najua," alisema sheikh. "Kisheria halihitajiki." Akalaza kalamu juu ya daftari, akakunja mikono juu ya tumbo. "Lakini mimi sina haraka."

Ilisikika tu sufuria ikichemka jikoni. Fundi Saa alivua miwani, na bila miwani hakuona chochote isipokuwa rangi nyeupe ya ushungi na nafasi ya uso katikati yake, lakini uso ule aliujua.

"Nimeridhia," alisema. "Nimeridhia, mwanangu. Kijana ana utu. Na kwao wanajua kushona vitabu vyao vikichanika."

Hakuna aliyeelewa hilo la vitabu isipokuwa Maalim, ambaye hakuwepo. Sheikh alishika tena kalamu. Hapo sauti ikatoka jikoni, nyuma ya mgongo wa Fundi Saa, sauti ya mtu aliyekuwa amesimama na mwiko akisikiliza kila neno.

"Na mimi je? Mimi haniulizi mtu?"

Kijana mwenye haraka alikata tamaa kabisa, akaegemea ukuta. Sheikh alicheka kwa tumbo zima, bila sauti. Chiriku alinyoosha shingo.

"Mama! Na wewe umeridhia?"

Mama Chiriku alijitokeza pembeni ya mumewe, jasho usoni, mwiko unadondosha mchuzi sakafuni.

"Mimi sijaridhia hata kidogo," alisema. "Lakini mwozesheni. Ni kijana mzuri."

Basi Chiriku akamgeukia sheikh, akasema ndiyo, ameridhia, kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia, wakapiga vigelegele kabla watu wa ndani hawajaanza.